Asante Iliyokosea Nyumba

Kondoo alikuwa anachemka tangu asubuhi, kabichi imelegea, pilipili manga nzima zinaelea juu ya mchuzi kama macho ya vyura, na Torunn amesimama mbele ya sufuria akimshukuru kimoyomoyo mwanaume ambaye hajafika.

Ndivyo alivyofundishwa. Mwezi wa pili mama mmoja wa Oslo, mwenye shali ya zambarau, alikuja kufundisha siku mbili, na wanawake kumi na wanne wa kijiji wakamsikiliza midomo wazi. Alisema usishukuru kwa ulichonacho tu, hilo hata mtoto anaweza. Shukuru kwa unachokitaka, kana kwamba umekwisha kukipata, nacho kitakuja. "Ulimwengu ni kama mama mwenye nyumba," alisema. "Mgeni anayeshukuru mapema ndiye anayewekewa sahani."

Torunn alikuwa na miaka thelathini na tisa, na sahani ya pili ya pale kwake ilikuwa haijaguswa mwaka wa sita. Akanunua daftari la jalada la bluu. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kahawa, akawa anaandika. Asante kwa mume mrefu, mita moja na themanini na tano. Asante kwa mikono yake safi. Asante kwa kuwa anasoma vitabu. Asante kwa kuwa hakoromi. Asante kwa kibanda chake cha mapumziko mlimani, chenye umeme.

Nani atasema haikufanya kazi? Mwezi wa nane akatokea Audun. Daktari wa meno kutoka Bergen, mtoto wa rafiki ya mama yake wa tangu shule, mrefu hata akiingia mlangoni anainamisha kichwa. Kibanda anacho. Umeme upo. Kuhusu kukoroma, Torunn alikuwa hajapata nafasi ya kuhakikisha, lakini aliona mtu mwenye meno yaliyopangika vile hawezi kukoroma.

Na jana Audun alimpigia simu. "Kesho wakati wa kahawa nitakuuliza jambo," alisema, kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa afungue mdomo taratibu. "Usiogope."

Torunn hakuogopa. Alichoshangaa ni kwamba usiku mzima alilala vizuri. Mtu anayekaribia kupewa alichokililia miezi minane, alale fofofo?

"Wifi yangu yuko wapi?" Shangazi Oddlaug aliingia jikoni bila kubisha, kofia kichwani. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Torunn, na alikuwa amemtania mama mtu kwa miaka arobaini bila kuchoka.

"Anavaa, Shangazi."

"Kwa mkono mmoja? Atamaliza Krismasi."

Borghild, mama yake Torunn, alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano siku hiyo, mkono wa kulia umevunjika na uko kwenye plasta. Wiki mbili nyuma alipanda ngazi kuchuma matofaa ya juu, ngazi aliyokatazwa na kila mtu mwenye mdomo. Ndiyo maana Torunn alikuwa jikoni kwa mama yake, aproni kiunoni, anapikia wageni ishirini.

"Na mabenchi?" Shangazi aliuliza, akionja mchuzi kwa kijiko kikubwa. "Hawa watu watakaa wapi, mapajani mwako?"

"Mama alisema atamwambia mtu."

"Nimemwambia Sjur."

Kijiko cha Torunn kiliingia chote ndani ya sufuria. "Shangazi!"

"Nini? Ana trekta. Mabenchi yako nyumba ya sala, na hayana miguu."

"Yana miguu. Minne kila moja."

"Basi hayatembei. Na nimemwambia abaki ale. Jirani haalikwi siku ya sabini na tano? Tumekuwa watu gani?"

Torunn aligeukia dirisha, akishukuru kwamba mvuke unaficha uso. Hakuwa amezungumza na Sjur tangu mkesha wa katikati ya kiangazi.

Usiku ule kijiji kizima kilikuwa kandokando ya ghuba, moto mkubwa unawaka, jua halitaki kuzama, soseji zinaungua kwenye vijiti. Sjur alikaa jiwe moja naye kama miaka yote. Alikuwa mpogoaji miti, jirani wa ukuta kwa ukuta, mfupi, kipara, amevaa lile sweta lake la kijani alilofumiwa na mama yake kabla hajafa. Torunn, kwa furaha tu, alimwonyesha daftari. Sjur alisoma kurasa tatu pole pole, kidole kikifuata mistari. Kisha akauliza, "Na mimi niko ukurasa gani?"

Torunn akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango wa nyumba yake haumo kwenye orodha ya vitu vya kununua. "Wewe? Wewe ni jirani, Sjur."

Sjur akafunga daftari, akalipangusa jivu, akaliweka juu ya jiwe. Akaondoka, hata soseji yake akaiacha.

Trekta ilisikika uani. Torunn alifuta mikono, akafungua mlango wa nyuma. Sjur alikuwa amebeba benchi begani peke yake, uso mwekundu kwa baridi ya Oktoba.

Sasa, huku kwetu kuna jambo dogo ambalo hata mlevi halisahau. Ukikutana tena na mtu mliyekaa naye, neno la kwanza ni asante kwa mara ile. Mara ile inaweza kuwa arusi, inaweza kuwa chai kavu, inaweza kuwa mazishi. Unashukuru, naye anashukuru, ndipo mnaanza kusema habari za hali ya hewa. Mtu asiposema, kila aliyepo anaelewa kuna kidonda.

Torunn alifungua mdomo. Mara ile ilikuwa moto, jiwe, kicheko. Ashukuru nini?

Sjur alimtazama, akangoja kwa muda wa pumzi mbili. Macho yake yalikuwa ya kijivu na hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Torunn.

"Yako kumi," Sjur akasema. "Niyaweke wapi?"

"Sebuleni. Upande wa dirisha."

Nyuma yake Shangazi Oddlaug aliacha kutafuna.

* * *

Saa tisa mezani palijaa. Borghild alikaa kichwani mwa meza kwa gauni lake la bluu, na upande wake wa kushoto akamweka Audun. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Anayekaa hapo ndiye anayesimama mwishoni kutoa shukrani za chakula kwa niaba ya wageni wote, na mama hampi kiti hicho mtu asiyemtaka nyumbani mwake. Sjur aliwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, mahali pa kuwekea mwavuli.

"Bibi Borghild, pilipili hizi zinaliwa?" Audun aliuliza.

"Zinasukumwa pembeni, mwanangu," Borghild alijibu, na hilo "mwanangu" likasafiri meza nzima hadi kwa Torunn, aliyekuwa ameshika sinia la viazi.

Alizunguka na lile sinia. Alipofika kwa Sjur, Sjur alichukua viazi viwili na kusogeza kidole gumba asiguse cha kwake. Torunn akaona mkono ule: kucha fupi, kovu la msumeno, utomvu wa miti ulioganda kwenye mistari. Mikono safi, aliandika yeye. Asante kwa mikono yake safi.

Sahani zilipokuwa tupu, Audun aligonga glasi, akasimama, kichwa kikawa karibu na taa.

Alisema vizuri. Hilo lazima tumpe. Alisema juu ya milima, juu ya urafiki wa mama zao, juu ya nyumba inayonukia upendo kuanzia mlangoni. Akamgeukia Borghild, akaweka mkono kifuani. "Na kondoo huyu, kabichi hii, ulaini huu! Bibi Borghild, nimekula sehemu nyingi, lakini leo nimejua mikono ya mama ina nini. Kwa niaba ya wote, asante kwa chakula. Asante kwa mikono yako ya dhahabu."

Mkono mmoja wa dhahabu ulikuwa kwenye plasta, umelala juu ya meza mbele ya macho yake.

Watu waliinua glasi. Mtu mmoja alikohoa. Shangazi Oddlaug alitazama dari kama anayetafuta buibui. Borghild alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alimtazama binti yake, akafungua mdomo kusema, kisha ile sifa ikawa tamu kuliko ukweli, akanywa glasi yake.

Torunn alisimama na sinia lililobaki viazi vitatu. Lilikuwa jambo dogo sana. Kazi aliifanya kwa ajili ya mama yake, si kwa ajili ya makofi. Lakini kuona asante yako inapita mbele yako, imevaa nguo zako, inakwenda kukaa kwa mtu mwingine, na huyo mtu anaifungulia mlango! Akaingia jikoni, akafungua maji.

"Asante kwa chakula, Torunn."

Alikuwa Sjur, amesimama mlangoni na sahani yake mkononi.

"Imekwisha kusemwa," Torunn alijibu bila kugeuka. "Kwa ufasaha."

"Nilisikia. Mimi nakuambia wewe." Aliweka sahani kwenye sinki. "Kabichi ya chini ilikuwa tamu kuliko yote."

"Umejuaje nimepika mimi?"

"Mama yako plasta inafika kwenye kiwiko. Na viazi havikuwa na chumvi. Wewe huwa unasahau chumvi ya viazi."

Akaenda kuanza kutoa mabenchi, maana nyumba ya sala ilikuwa na ibada saa kumi na mbili. Wageni walikuwa wamehamia kwenye viti laini kungoja kahawa.

Torunn alibaki ameshika ile sahani ya Sjur. Chini ya dirisha, ng'ambo ya ukuta wa mawe, uani kwake Torunn, mti wa matofaa ulionekana wote. Mwaka ule ulizaa kupita kiasi. Mwezi wa tisa, kabla ya ule upepo mbaya, aliamka akakuta matawi yameegemezwa nguzo saba, kila nguzo imefungwa kitambaa kichwani ili gome lisichubuke. Wiki moja kabla ya hapo alikuta kuni zake zimepasuliwa na kupangwa ukutani, magome juu. Alilia kwa furaha. Mama wa Oslo alikuwa amewaambia: kabla ya zawadi kubwa, zitatangulia ndogo ndogo, kama ishara. Torunn aliandika kurasa mbili. Asante, ewe ulimwengu, kwa kuni. Asante, ewe ulimwengu, kwa nguzo.

Hakuandika tu. Alitangaza dukani, mbele ya kabati la jibini, kwa sauti ya kanisani: "Ulimwengu umenipasulia kuni!" Na nyuma yake kwenye foleni alisimama Sjur na pakiti yake ya maziwa.

Sasa alitazama vile vitambaa vya kwenye nguzo. Vilikuwa vya sufu. Vya kijani.

"Shangazi," alisema taratibu.

Shangazi Oddlaug alikuwa ameingia na glasi sita vidoleni. "Naam."

"Zile kuni zangu."

"Za ulimwengu?"

"Shangazi, ulijua?"

"Mwenzangu, niliona nyayo kwenye matope. Ulimwengu wenyewe unavaa buti namba thelathini na tisa, na una kipara."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unashukuru vizuri sana. Nikasema nisikukate." Shangazi alishusha glasi. Utani ulimtoka usoni kidogo. "Inauma, eh? Ile ya mezani."

"Inauma."

"Basi," alisema Shangazi, na akachukua taulo.

Audun alipoingia alikuwa na chupa ya kahawa na tabasamu la mtu aliyejiandaa. "Torunn, tunaweza kuzungumza?"

Shangazi Oddlaug alifuta glasi ile ile mara ya tatu, kisha akakumbuka ana shughuli sebuleni, akaenda kuifanyia nyuma ya mlango.

"Jana nilikwambia nina swali," Audun alianza.

"Audun, keti kwanza."

Hakuketi. Akamtazama, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaelewa nusu. "Nimesema kitu kibaya kwenye hotuba?"

"Hotuba ilikuwa nzuri."

"Basi nini?"

"Nilipika mimi."

Alifumba macho. Ule urefu wote ukapungua kidogo. "Ile plasta. Mungu wangu. Niliiona! Nilimuuliza hata kama inawasha!"

Torunn akacheka, na Audun naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane wakawa kama marafiki. "Si kosa la kukosana," Torunn alisema. "Mimi nimelifanya hilo hilo, tena si kwa chakula cha mchana mmoja." Akashusha pumzi. "Nilikuomba wewe, Audun. Kila kitu. Urefu, vitabu, kibanda. Nilishukuru kwa ajili yako kabla sijajua jina lako. Mwalimu wangu alisema ukikataa ulicholetewa, mlango unafungwa. Nami nakwambia asante, na hapana. Kama utafungwa, ufungwe."

"Kuna mtu mwingine?"

Torunn alitazama dirishani. Sjur alikuwa anahangaika kupandisha benchi kwenye tela, peke yake, ncha moja inamkataa.

"Sijui kama bado yupo," alisema.

Audun alimwaga kahawa kwenye kikombe kimoja, akampa. Torunn akaiweka chini bila kuinywa, akavua aproni.

Mama yake alimdaka kwenye korido. "Unakwenda wapi? Watu wanangoja keki, na Audun..."

"Namsaidia Sjur na mabenchi, Mama."

"Sjur!" Borghild alishusha sauti. "Torunn, mtu wa ngazi na msumeno? Anakufikia hapa begani! Utamvalia viatu gani, visivyo na kisigino? Na mabenchi yale, ana mikono miwili."

"Najua, Mama. Nimechelewa kujua."

Borghild alikaza midomo. Akatazama plasta yake, kisha aproni iliyokuwa mkononi mwa binti yake, yenye madoa ya kabichi. "Kondoo," alisema, kama mtu anayetoa mwiba. "Alikuwa mzuri. Nilipaswa kusema pale pale."

"Waambie wakati wa keki."

"Nitawaambia. Lakini kwa huyo wa benchi sijasema ndiyo!"

"Hujaulizwa bado, Mama. Hata mimi sijaulizwa."

Nje palikuwa na ubaridi na harufu ya matofaa yaliyoanguka. Mawingu yalikuwa yamekaa katikati ya mlima, maji ya ghuba yametulia. Sjur alimwona anakuja, akashusha ncha ya benchi.

Torunn alisimama hatua tatu mbali. Moyo ulikuwa unampiga kuliko ulivyopiga kwa simu ya jana.

"Asante kwa mara ile," alisema.

"Mara ile ulinicheka."

"Ndiyo."

"Nikaondoka hata soseji sijala."

"Niliila mimi."

Sjur alitoa sauti puani. Ilikaribia kuwa kicheko, ikarudi ndani.

"Asante kwa mara ile hata hivyo," Torunn akaendelea. "Uliniuliza swali la maana na mimi sikujua ni swali. Asante kwa kuni. Asante kwa kupanga magome juu, mimi huwa napanga ovyo. Asante kwa nguzo saba. Na sweta, Sjur. Lile sweta."

"Lilikuwa na tundu."

"Halikuwa na tundu."

Akatazama buti zake. "Sufu ya mama haichubui gome," alisema. "Mkonge unachubua."

"Na pale dukani ulisikia. Kwa nini hukusema neno?"

"Nilitaka kusema. Nimeshafungua mdomo. Kisha nikaona ulivyofurahi, uso wote. Nikasema acha ulimwengu uchukue sifa, mimi nichukue maziwa."

"Na ukaja tena na nguzo. Baada ya hapo!"

"Mti ulikuwa umelemewa." Alichosema baadaye alikisema kwa kuliambia lile benchi. "Unatoka nje asubuhi na kikombe chako, unasimama chini ya tawi lile la upande huu, unafumba macho unasema mambo yako. Tawi lingevunjika ungesimama wapi? Ningekuona wapi?"

Torunn alilitazama lile tawi. Miezi minane amesimama chini ya tawi akiita mtu, macho amefumba, na mtu yuko ng'ambo ya ukuta.

"Nimo kwenye daftari sasa?" Sjur aliuliza. Alijaribu kulisema kama utani, lakini sauti haikumtii.

"Hapana," Torunn alisema. "Kule nilikuwa naandika visivyokuwepo."

Sjur aliinua macho. Akamtazama kama anavyotazama mti kabla ya kuugusa na msumeno, taratibu, kutoka juu hadi chini na kurudi, kuona uzito uko wapi. Kisha akafuta kiganja kwenye suruali, akamnyooshea, na Torunn akakishika kile kiganja chenye utomvu, kikagandana na cha kwake.

"Asante na wewe kwa mara ile," Sjur alisema.

Dirisha la jikoni lilikuwa limeachwa wazi nusu kwa ajili ya mvuke, na sauti ya Shangazi Oddlaug ikatoka: "Wifi, ondoka hapo, unatia ukungu kioo."

Mabenchi yalibaki sita. Torunn alichukua ncha ya kwanza, Sjur ya pili, wakainua. Benchi likalala upande mmoja, uzito wote ukateremkia kwa yule mfupi, naye hakusema kitu. Torunn akaona. Akakunja magoti kidogo, mpaka likakaa sawa, wakaanza kutembea.